Mtoto Hana "Moto wa Ini", Ana Manjano

SEHEMU YA 1



Mwezi huu nimetumiwa picha ya karatasi ileile na watu tofauti, kutoka Mbagala, Buza, Tandale, mpaka Bunju huko. Ina duara tano zenye mishale: Mti, Moto, Udongo, Chuma, Maji. Juu kuna jina la mtoto na umri wake. Pembeni kuna maneno kama "ini lina moto mwingi", "wengu dhaifu", "figo zimepungukiwa maji". Na chini kabisa, pale macho yanapofika yakiwa yameshaogopa, kuna orodha ya dawa na bei zake.

Swali lenu ni moja: Nesi, hii ni kweli?

Jibu fupi: siyo kweli, usinunue. Jibu refu nalileta kwa sehemu, kwa sababu nimejifunza kwamba ukimwambia mama "usinunue" halafu ukanyamaza, kesho atapita muuzaji mwenye maneno mengi kuliko yako na atamchukua.

Niseme mapema ili tusigombane bure. Sina ugomvi na Wachina. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964 na huku bara mwaka 1968, wamepasua na kushona watu wetu mpaka wengine humu mmezaliwa mikononi mwao. Wala sina ugomvi na tiba asili. Muhimbili kuna watu wanaichunguza miti ya dawa tangu mwaka 1974. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua falsafa ya watu, ya miaka elfu mbili na ushee, akaichapa kwenye karatasi, kisha akaipa kazi ya kipimo cha maabara kwa mtoto wa siku tano. Huyo ndo namtafuta.

SEHEMU YA 2

Tuanzie mwanzo, maana muuzaji naye huanzia mwanzo. Atakwambia elimu hii ina miaka 5,000 na iliandikwa na Mfalme wa Njano mwenyewe.

Huyo mfalme, Huangdi, ni wa masimulizi ya kale. Kitabu kinachobeba jina lake, Huangdi Neijing, kilikusanywa na watu wengi kwa nyakati tofauti, takriban karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo, wakati wa utawala wa Han. Ni kitabu kikongwe na heshima yake iko palepale. Lakini miaka elfu mbili na kitu siyo miaka 5,000. Mtu anayekuongezea karibu miaka 3,000 kwenye historia hashindwi kukuongezea sifuri kwenye bei.

Na kabla ya kitabu hicho? Hapo ndo patamu. Enzi za Shang, kama mwaka 1200 kabla ya Kristo, Wachina walikuwa wanachonga maandishi kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe. Humo tunakuta pande nne za dunia, na katikati yake wao wenyewe. Nne na moja, tano. Karne nyingi baadaye hati zao zinataja maji, moto, chuma, mti na udongo kama vitu vya kumwezesha mtu kuishi. Na ukisoma vizuri, kuna mahali vimeorodheshwa sita, cha sita ni nafaka. Yaani ni kama mama anavyohesabu mali ya nyumba: ndoo ya maji, jiko, sufuria, kuni, kiwanja, na unga wa ugali. Baadaye unga ukatolewa kwenye hesabu, zikabaki tano. (Mimi ningebaki na unga.)

Hata neno "elementi" ni tafsiri ya watu wa nje. Wao wanasema wuxing. Wu ni tano, na xing ni neno la kwenda, kutembea, kutenda. Kwa hiyo ni miendo mitano zaidi kuliko vitu vitano. Na neno hilohilo liliwahi kubeba mambo mengine kabisa. Mwaka 1993 huko Guodian, mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la karibu mwaka 300 kabla ya Kristo lenye maandishi juu ya vipande vya mianzi. Kwenye andiko mojawapo wuxing ni tabia tano njema: utu, haki, adabu, hekima na utakatifu. Humo hutakuta ini wala figo zikipewa moto au maji. Hilo ni somo la malezi.

Aliyeipa "tano" kazi kubwa ni msomi mmoja wa jimbo la Qi, karne ya 3 kabla ya Kristo, anaitwa Zou Yan. Na kazi aliyoipa ilikuwa siasa. Alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme unatawala kwa nguvu ya mwendo mmoja, ukichoka unashindwa na mwingine, kama maji yanavyozima moto. Wafalme walipenda sana maneno hayo, si unajua tena. Mwaka 221 kabla ya Kristo, mfalme wa Qin alipozimeza falme zote, alitangaza kuwa yeye ni Maji, kwa sababu waliomtangulia walihesabiwa ni Moto. Serikali ikavaa nyeusi, na namba yake ikawa sita. Han waliofuata wakabishana miaka na miaka kwamba wao ni nini, mpaka mwaka 104 kabla ya Kristo Mfalme Wu akaamua ni Udongo, rangi ya njano.

Kwa hiyo kabla haijaingia kwenye ini la mwanao, nadharia hii ilikuwa inamwambia mfalme avae rangi gani.

SEHEMU YA 3

Mmeniuliza, "sasa nesi, mbona inaeleweka vizuri hivi?" Inaeleweka kwa sababu ni nzuri. Nami naipenda. Sikiliza: mti huwasha moto, moto huacha majivu ambayo ni udongo, ndani ya udongo hutoka chuma, juu ya chuma baridi asubuhi hujikusanya maji, na maji huotesha mti. Halafu kuna upande wa kudhibitiana: mti huchimba udongo, udongo huziba maji, maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuimba.

Halafu kila kitu kikapangwa humo. Rangi tano, ladha tano, hisia tano, viungo vitano. Ini likawekwa kwenye mti, moyo kwenye moto, wengu kwenye udongo, mapafu kwenye chuma, figo kwenye maji. Hasira ikapewa ini, hofu ikapewa figo. Majira yakawa taabu kidogo, kwa sababu mwaka wa kwao una majira manne, ikabidi waongeze la tano, mwisho wa kiangazi, ili hesabu itoshe. Sisi huku Temeke tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Sijui wengu wa mtoto wa Chamazi utafuata majira gani hapo.

Ila hiki kinachofuata ndo muuzaji hakwambii. Wasomi wenyewe wa enzi ya Han hawakukubaliana kiungo kipi kikae wapi. Kulikuwa na mpango wa pili uliosema wengu ndo mti, mapafu ndo moto, moyo ndo udongo, ini ndo chuma. Kiungo pekee walichokubaliana ni figo kuwa maji. Matabibu wakaushika mpango wa kwanza, ndio huo uliofika mpaka leo. Sasa jiulize. Ini la mwanao ni mti au ni chuma? Sukari ya damu ukiipima Mwananyamala ukaipima tena Temeke, kitu kinachopimwa ni kilekile. Lakini kiungo ambacho tabia yake ilitegemea umesoma kwa mwalimu yupi, hicho hakikupimwa. Kilipangwa mezani.

Na walikuwepo Wachina walioliona hilo mapema kuliko mimi. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 baada ya Kristo, aliwatania sana watu wa "tano". Kwenye hesabu yao ya wanyama wa miaka, panya ni wa maji na farasi ni wa moto. Akauliza, kama kweli maji yanashinda moto, mbona hatujawahi kuona panya akimkimbiza farasi? Jogoo ni wa chuma na sungura ni wa mti, mbona jogoo hamli sungura? Yaani mzee wa karne ya 1 alishakata maneno. Anayekwambia "ukikataa hii unadharau utamaduni wa Kichina" mjibu kwamba Wang Chong naye alikuwa Mchina.

SEHEMU YA 4

Sasa msicheke sana, maana na sisi tunazo zetu, tena ni nne.

Nani humu hajawahi kuambiwa "nyota yako ni ya moto, usiolewe na mwenye nyota ya maji"? Moto, upepo, maji, udongo. Huo ni ukoo mwingine, wa Wayunani. Empedocles wa Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo, ndiye aliyezisema hizo nne. Baadaye mwilini zikapewa jozi zake: damu, makohozi, nyongo ya njano, nyongo nyeusi. Galen akazieneza, waandishi wa Kiarabu na Kiajemi wakazichukua, Ibn Sina (980 hadi 1037) akaziweka kwenye kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun, na kwa njia ya vitabu na matabibu zikafika pwani yetu. Zimo mpaka kwenye maneno tunayoongea. Balghamu ni mojawapo ya hizo nne. Na safura, neno la bibi zetu, linatokana na neno la Kiarabu la nyongo ya njano.

Nakaa hapo kwenye safura kidogo. Mtu alikuwa anapauka, anachoka, anavimba uso, wazee wakasema safura. Waliona ugonjwa sawasawa kabisa, macho yao hayakukosea. Maelezo ndiyo yalikosea. Haikuwa nyongo, ilikuwa minyoo midogo iliyong'ang'ania utumbo ikinyonya damu, na wengi iliwaingilia kwenye nyayo kwa kutembea peku. Leo safura tunaipa dawa ya minyoo, na damu ikiwa imeshuka tunaongeza na ya kuongeza damu. Ndo maana kliniki ya wajawazito unapewa zile za minyoo na unameza mbele yetu. Neno limebaki, maelezo yamebadilika, watu wanapona. Hakuna bibi aliyedharauliwa hapo.

Na arobaini je? Najua mtaniuliza. Mzazi anafunikwa, anapewa uji wa pilipili manga, mtori, supu, anakatazwa vya baridi. Ni vilevile Wachina. Mzazi wao hukaa ndani mwezi mzima, hagusi cha baridi. Mimi sina neno na uji wa pilipili manga. Mzazi anahitaji chakula, maji, usingizi, na mtu wa kumfulia nepi. Kama falsafa ya joto na baridi ndiyo inayomfanya mama mkwe akuletee supu kitandani, iacheni ifanye kazi yake. Ninachokataa ni maji ya moto ya kumkandia mtu mpaka ngozi inatoka malengelenge, na hasa aliyepasuliwa. Uvuguvugu unatosha.

Mnaona tofauti? Falsafa ikikaa jikoni kwenye supu, haina shida na mtu. Ikishika sindano, hapo tuongee.

SEHEMU YA 5

Kuna baba mmoja kaniandikia kwa hasira: "Nesi unapinga dawa za Kichina wakati dawa ya mseto ya malaria imetoka kwao." Kweli kabisa baba. Asante kwa kunikumbusha, maana hiyo ndiyo hoja yangu.

Tanzania tuliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vijidudu vilishaizoea, tukaingia SP, nayo ikachoka, na kuanzia mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye dawa ya mseto, ALu. Nusu ya mseto huo ni artemetha, mtoto wa dawa iitwayo artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea wa Kichina, qinghao. Aliyeongoza kazi ya kuipata ni mama mmoja, Tu Youyou, ambaye mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel ya tiba.

Alifanyaje? Yeye na wenzake walipitia vitabu vya zamani na madawa ya wazee, wakajaribu kwa panya wenye malaria. Nyingi zilishindwa. Qinghao yenyewe ilikuwa leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba huyo mzee hachemshi. Analoweka majani kwenye maji na kukamua. Tu akawaza, labda moto wa kuchemsha unaiua dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vijidudu vyote kwenye panya. Kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuona usalama wake, ndipo wakampa mgonjwa.

Sasa nitafutie kwenye habari hiyo mahali ambapo mti ulizaa moto, au figo ilipungukiwa maji. Haipo. Alichochukua kwa mababu ni majani na namna ya kuyaandaa, akayatia kwenye mtihani, na yaliyofeli akayatupa. Karatasi ya duara tano haina mahali pa kufeli. Mtoto akipona, miendo imesawazika. Asipopona, ana moto mwingi kuliko tulivyodhani, ongeza dozi.

(Na tafadhali, hii siyo ruhusa ya kuchemsha majani ya artemisia nyumbani. Chai haina kipimo, na Shirika la Afya Duniani lilishasema wazi kuwa haliungi mkono kuyatumia hivyo kwa malaria. Mtoto akiwa na homa, pima kwanza.)

SEHEMU YA 6

Tuje kwenye mashine. Unashikishwa chuma, kompyuta inazungusha rangi, dakika mbili tatu umeshapimwa "mwili mzima": ini, figo, mifupa, mpaka nguvu za kiume. Kinachoweza kusomwa na chuma cha kushika mkononi ni jinsi ngozi yako inavyopitisha umeme kidogo, na hiyo hubadilika ukitoka jasho, ukibana zaidi, ukipaka mafuta. Hakitoi damu, hakioni mkojo, hakiwezi kujua figo inafanya nini. Siku ukipata nafasi, pimwa mara mbili kwa jina tofauti na umri tofauti, halafu ulinganishe karatasi. Mtoto mchanga ndo kabisa, kiganja chenyewe hakizunguki hicho chuma, kwa hiyo wengine wanampima mama na kusoma majibu ya mtoto! Jamani.

Wapo waliofanya utafiti hapa kwetu. Elisabeth Hsu, msomi wa tiba ya Kichina, alikaa kwenye zahanati za Kichina za Dar es Salaam na mwaka 2002 akaandika kuwa wagonjwa wetu wanazipenda kwa sababu wanaamini dawa zake zinafanya kazi haraka. Kinachochekesha ni kwamba huko China kwenyewe dawa za asili zinasifiwa kwa kufanya kazi taratibu. Yaani tunachonunua Kariakoo siyo lazima kiwe kile wanachokiamini Beijing. Hata masomo ya tiba hiyo vyuoni yalipangwa upya na serikali yao. Vyuo vinne vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1956. Wao wanasoma miaka, wanafanya mitihani. Wa kwako kasoma semina ya siku mbili ukumbini.

Na usiniambie "ni mitishamba tu, haina madhara". Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, wengi mpaka kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Taarifa ya kitaalamu ilitoka mwaka 1993. Kwenye duara tano, figo ni maji. Maji hayakuwasaidia.

Mwaka 1999 huko London walichunguza krimu 11 za "mitishamba ya Kichina" walizokuwa wanapakwa wagonjwa wa ngozi. Nane kati ya hizo zilikuwa na deksamethasoni ndani yake, steroidi ya hospitali, bila kuandikwa popote. Kwa hiyo ukisikia "ilimtoa mwanangu upele siku mbili tu", usishangae sana. Kwa ngozi laini ya mtoto hiyo siyo habari njema.

Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na ina Baraza lake. Mtoa tiba anatakiwa asajiliwe, na dawa isajiliwe. Ni haki yako kuomba kuona cheti vyote viwili. Angalia tu uso wake ukiuliza.

SEHEMU YA 7

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Karatasi nyingi mlizonitumia ni za watoto wachanga, na maneno yanayojirudia ni "moto wa ini", kwa sababu macho ya mtoto yamekuwa ya njano.

Manjano ya mtoto mchanga siyo moto. Chembe nyekundu za damu zikichakaa huvunjika, na kwenye kuvunjika hutoka kitu cha njano kinaitwa bilirubini. Ini ndilo linaloiandaa itoke kwa choo. Mtoto aliyezaliwa juzi ana chembe nyingi za kuvunja na ini lake bado jipya kazini, kwa hiyo njano inajikusanya. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata njano kidogo, na kwa wengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Umeona hapo? Huisha yenyewe kwa wengi. Huo ndo mtaji wa muuzaji. Akiwauzia akina mama kumi, wengi wao watoto watapona hata kama angewauzia maji ya bomba, na hao ndo watakaotoa ushuhuda kwenye stetasi. Yule ambaye mwanae hakupona hatoi ushuhuda. Yuko wodini.

Kwa sababu wako wachache ambao njano inapanda sana: damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, mtoto kazaliwa njiti, ana maambukizi, au damu yake ina upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo ambalo lipo sana kwenye nchi za malaria kama yetu (ndo maana nawakataza zile naftalini za kabatini kwenye nguo za mtoto). Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Ikishaingia, mtoto anaweza kupona njano akabaki na ulemavu wa viungo na masikio yasiyosikia, maisha yote. Ni swala la siku, wakati mwingine saa. Wiki moja ya "kusawazisha miendo" inatosha kumharibu mtoto aliyezaliwa mzima kabisa.

Dawa yake kubwa ni mwanga. Na mwanga huo uligunduliwa na nesi, siyo na profesa, mniruhusu nijisifie kwa niaba yake. Miaka ya 1950, hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa vichanga njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja, mwaka 1956, aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye njano ilikuwa imepauka mwili mzima isipokuwa pembe moja ya ngozi, palepale pona ya shuka ilipokuwa imefunika. Hakusema jua ni moto na moto umeshinda nini. Alisema: tazameni hapa. Madaktari wakapima damu, wakatengeneza taa, wakapima tena, na mwaka 1958 wakachapisha. Mwanga unaibadili bilirubini umbo ili itoke kwa mkojo na choo hata kama ini bado halijazoea kazi. Zile taa za bluu mnazoziona wodini zimeanzia kwenye macho ya yule sista.

Jua la asubuhi la uani halitoshi kwa mtoto ambaye njano yake imepanda. Huwezi kulipima, na la Dar linamkausha na kumuunguza. Kumwota kidogo siyo dhambi, ila usilifanye ndo tiba.

Sasa chukua hii uihifadhi. Mtazame mtoto mchana, mlangoni, siyo chini ya taa ya ndani. Kwa watoto wetu weusi rangi ya uso inadanganya, kwa hiyo angalia weupe wa macho, bonyeza ufizi kidogo uone rangi inayobaki, kisha viganja na nyayo. Kama njano imeonekana ndani ya saa 24 za kwanza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama imefika viganjani au nyayoni, nenda. Analala sana na hanyonyi, ana homa au amepoa, analia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, anajipinda mgongo nyuma: nenda sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa bodaboda, mtoto kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Njano inayopita wiki mbili nayo iletwe, na kama choo chake ni cheupe kama chokaa useme tangu mlangoni. Wakati wote endelea kunyonyesha, usiku na mchana. Kunyonya kunatoa choo, na choo kinatoa njano. Usimpe maji ya sukari.

Kwenye vituo vya serikali sera inawasamehe gharama watoto chini ya miaka mitano. Najua mnachopitia dirishani wakati mwingine, mimi nipo ndani na nakiona. Ukikwama omba afisa ustawi wa jamii wa kituo, yupo kwa kazi hiyo. Na hata ukiambiwa ulipie kipimo cha bilirubini, linganisha na jumla iliyopo chini ya ile karatasi.

Nipo zamu ya usiku mpaka Alhamisi. Maswali yawekeni hapa chini, nitayajibu mchana nikiamka, ila mwenye mtoto wa njano asisubiri jibu langu.